Mjukuu wa Mkwawa Katika Kiti cha Spika

Wazee wangu wa Iringa, mama zangu, walimu wenzangu, na ninyi vijana mliojaa huko nyuma: kamwene.

Mmenipa mada niliyoitamani kwa muda mrefu. Jina la Mkwawa halihitaji kupigiwa debe mkoani hapa. Mtoto wa shule ya msingi anaijua Lugalo. Anajua kwamba tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Mjerumani Zelewski kilifyekwa pale, kwamba ngome ya Kalenga ilivunjwa mwaka 1894, na kwamba Mtwa Mkwawa, yaani chifu wa Wahehe, aliona heri ajimalize kwa risasi, Julai 1898, kuliko kutiwa pingu. Lakini mwulize mtoto huyohuyo, au hata mwanafunzi wa chuo, ni nani aliyekalia kiti cha Spika wa Bunge la nchi hii kwa muda mrefu kuliko wote. Atakutajia Msekwa, atakutajia Sitta, Makinda, Ndugai. Mjukuu wa Mkwawa hamtaji. Jambo hilo linaniuma, na ndilo lililonileta hapa.

Adam Sapi Mkwawa aliingia kwenye kiti hicho tarehe 27 Novemba 1962. Alikaa hadi Novemba 1973, akampisha Erasto Mang'enya kwa miaka miwili, akarudi Novemba 1975, na hakuondoka tena mpaka Aprili 1994. Jumla inakaribia miaka 30. Wamarekani wanamtukuza Sam Rayburn, Spika wao aliyevunja rekodi, na yeye alifikisha miaka 17. Majirani zetu wa Kenya wanamheshimu Francis ole Kaparo kwa miaka yake 15. Sisi tuna mtu aliyewapita kwa mbali, na hatumsomi.

Najua sababu mojawapo. Kazi ya Spika haitoi maneno ya kukumbukwa. Waziri hutoa hotuba, mbunge hupiga kelele juu ya barabara ya jimboni kwake, Rais huja kufungua Bunge na kila neno lake linaandikwa magazetini. Spika husema, "Mheshimiwa, muda wako umekwisha." Husema, "Nitawahoji. Wanaoafiki waseme ndiyo." Ukikusanya maneno yake ya mwaka mzima hupati ya kuchonga kwenye jiwe. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi nataka tuusikie mshindo wa kimya hiki, pamoja na pale ambapo kimya hicho kilikuwa na gharama. Sikuja kumpamba mtu. Nimekuja kwa sababu naamini maisha ya mzee huyu yanaeleza Bunge letu limetoka wapi kuliko maisha ya mwanasiasa mwingine yeyote.

Tuanze nyumbani. Adam Sapi alizaliwa mwaka 1920, nchi ikiwa imetoka mikononi mwa Wajerumani na kuangukia mikononi mwa Waingereza. Baba yake, Sapi, alirudishiwa uchifu wa Wahehe mwaka 1926, pale Gavana Donald Cameron alipoanzisha utaratibu wa kuwatawala Waafrika kupitia machifu wao. Mwaka 1940 mamlaka yakamfikia Adam, kijana wa miaka ishirini hivi. Fikirini uzito wake. Watu wanakusalimu kwa jina la babu aliyepigana na Wazungu hadi risasi ya mwisho, huku wewe kila mwezi unapokea mshahara kutoka serikali ya Wazungu wengine, na bwana shauri akikuandikia barua unatakiwa ujibu.

Juu ya hayo kulikuwa na suala la fuvu. Mnalijua, lakini nalirudia kwa sababu lina uhusiano wa karibu na siasa za chifu huyu. Baada ya Mkwawa kufa, Wajerumani walimkata kichwa. Waingereza walipoichukua nchi waliingiza madai ya fuvu hilo kwenye Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, na Ujerumani ikatakiwa ilikabidhi ndani ya miezi sita. Miezi sita ikageuka miaka 35. Ni Gavana Edward Twining aliyefuatilia hadi jumba la makumbusho la Bremen, akalipata kwa kulinganisha vipimo vya mafuvu na vipimo vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa walio hai. Tarehe 19 Juni 1954 akalileta Kalenga mwenyewe, mbele ya umati, na aliyelipokea ni Chifu Adam Sapi.

Twining hakuwa mjinga. Alitaka Wahehe waione serikali yake kuwa rafiki. Lakini hesabu siku: tarehe 7 Julai mwaka uleule, siku 18 tu baada ya sherehe ya Kalenga, chama cha TANU kikazaliwa Dar es Salaam. Kwa hiyo chifu wetu, akiwa na umri wa miaka 34, ndiyo kwanza anakabidhiwa mabaki ya babu yake na gavana, na upande wa pili kijana mwalimu kutoka Butiama anaanza kuwaambia watu kwamba gavana lazima aondoke. Machifu wengi walibanwa katikati. Mwaka 1957 Twining aliwakusanya kwenye mkutano wao wa nchi nzima huko Mzumbe, akitumaini watakuwa ngao dhidi ya TANU. Tumaini hilo halikumfikisha mbali.

Mambo ya baraza Adam Sapi alikuwa ameyazoea mapema. Waafrika wa kwanza kuteuliwa kwenye Baraza la Kutunga Sheria, mwaka 1945, walikuwa machifu wawili, Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali. Yeye aliwafuata kabla muongo ule haujaisha. Baraza lile lilikuwa la kikoloni, tusilisafishe: lilianzishwa mwaka 1926 na kwa karibu miaka ishirini hakukuwa na Mwafrika hata mmoja ndani yake. Hata lilipofika wakati wa kuchagua wajumbe kwa kura, mwaka 1958 na 1959, mpiga kura alilazimishwa kupiga kura tatu, moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia na moja kwa Mzungu. Lakini kwa Adam Sapi baraza lile lilikuwa shule. Aliona muswada unavyosomwa, unavyopingwa, unavyorekebishwa. Aliona anayeongoza kikao anavyoweza kumnyamazisha mkubwa kwa kutumia kanuni tu, bila kupandisha sauti.

Uhuru ulipokuja, tarehe 9 Desemba 1961, Spika alikuwa Abdulkarim Karimjee, na kikao kilikuwa kwenye ukumbi unaobeba jina la ukoo wake hadi leo. Mwaka mmoja baadaye, nchi ikijiandaa kuwa Jamhuri, kiti kikapewa Mwafrika kwa mara ya kwanza. Siku 12 kabla ya Jamhuri kutangazwa, Adam Sapi akawa Spika.

Sasa hapa ndipo ninapowaomba mnisikilize kwa makini, hasa ninyi vijana, kwa sababu kilichofuata ni kizito na vitabu vya shule vinakipita haraka.

Mwaka 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa kwa sheria. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona nchi haiwezi kujengwa kuwa taifa moja huku kila kabila lina mtawala wake anayelipwa na dola, na sheria hiyo ikapitishwa na Bunge. Na Spika wa Bunge hilo alikuwa Mtwa wa Wahehe. Kiti cha ukoo wake, ambacho Mjerumani alihitaji miaka saba ya vita kukivunja, kilifutwa katika chombo ambacho yeye mwenyewe ndiye msimamizi wa kanuni zake.

Angeweza kuondoka. Wenziwe waliondoka. Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, aliyekuwa waziri katika serikali ileile, alijiuzulu na kujitoa TANU mwaka 1963. Simlaumu Fundikira. Alikuwa mtu wa msimamo, na miaka ya tisini alirudi akaanzisha chama chake mfumo wa vyama vingi ulipofunguliwa. Adam Sapi alibaki. Wapo wanaosema alibaki kwa sababu alikuwa na kiti kingine cha kukalia. Mimi naona hesabu hiyo ni nyepesi mno. Mtu anayetafuta ukubwa tu hakubali kushuka kutoka kwenye cheo ambacho watu wanapiga magoti mbele yake, akaenda kwenye cheo ambacho kila baada ya uchaguzi kinapigiwa kura upya na wabunge. Uchifu ulikuwa wake kwa damu. Uspika ulikuwa wa kuazima, na aliukalia kama kitu cha kuazima. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya, na alilifanya bila hotuba.

Watu wa hapa hawakuacha kumwita Chifu. Hata kule Bungeni jina hilo lilimfuata. Lakini sheria ilikuwa imesema, na yeye aliendelea kuongoza vikao chini ya sheria hiyo.

Aprili 1964 akasimamia kikao kingine ambacho bado tunabishana juu yake. Hati za Muungano zilikuwa zimetiwa saini na Mwalimu na Mzee Karume tarehe 22. Tarehe 25 Bunge la Tanganyika likakutana na kuziridhia, na kesho yake Muungano ukaanza. Siku tatu! Wale wanaotaka kujua kwa nini maswali ya Muungano hayaishi wasome kilichosemwa siku ile, na wapime kama muda waliopewa wabunge ulitosha. Spika hupanga nani aseme. Hapangi serikali ilete jambo lini, wala hawezi kuongeza siku ambazo hakupewa.

Mwaka 1965 tukawa nchi ya chama kimoja kwa katiba. Hapa lazima niseme ukweli pande zote mbili. Upande mmoja, uchaguzi wa mwaka ule haukuwa mchezo. Kila jimbo lenye ushindani lilikuwa na wagombea wawili wa TANU, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine nyumba, na wananchi waliwaangusha wakubwa. Waziri wa Fedha mwenyewe, Paul Bomani, alianguka. Spika alijikuta mbele ya ukumbi uliojaa sura mpya, watu wa vijijini ambao hawajawahi kuona kitabu cha kanuni, na ilikuwa kazi yake kuwafundisha: unasimama, unasubiri uitwe, unamsemesha Spika na si mwenzako, unatoa hoja, mwingine anaafiki, ndipo inajadiliwa. Kizazi baada ya kizazi cha wabunge walijifunza kwake. Kazi hiyo haina shukrani, kama ya mwalimu wa darasa la kwanza.

Upande wa pili, Bunge lilikuwa linanyang'anywa nguvu mbele ya macho yake. Oktoba 1968 Halmashauri Kuu ya TANU iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa. Katiba ilikuwa imefunga ubunge na uanachama pamoja, kwa hiyo waliofukuzwa chamani walipoteza viti vyao. Walichaguliwa na wananchi, wakaondolewa na kikao ambacho Spika hakukiongoza wala hakuwa na sauti juu yake. Mwaka 1973 wabunge walithubutu kuukataa muswada wa kodi ya mapato. Rais akakutana nao, akawaeleza kwamba ama waupitishe ama atalivunja Bunge. Ukapita. Mwaka 1975 katiba ikaandika waziwazi kwamba chama kina madaraka ya mwisho.

Je, Adam Sapi angefanya nini? Nimejiuliza swali hili mara nyingi, na jibu langu haliniridhishi mwenyewe. Spika anayo silaha moja tu, nayo ni kanuni. Pale ambapo maamuzi yanafanyika nje ya ukumbi, kanuni haimfikii mtu. Lakini natamani angesema neno. Kuna nyakati ambapo mwenye kiti kile, kwa heshima ya umri wake na jina lake, angeweza kutamka mbele ya taifa kwamba mbunge aliyechaguliwa na wananchi asing'olewe na kamati. Mtu mwenye damu ya Mkwawa angesikilizwa. Hilo ni deni lake, na tukimpenda kwa dhati tunapaswa kulitaja.

Pamoja na deni hilo, kuna alichokilinda. Hata katika miaka ambayo Bunge lilikuwa likisema ndiyo kwa karibu kila kitu, taratibu hazikufutwa. Maswali kwa mawaziri yaliendelea kuulizwa. Miswada iliendelea kusomwa hatua kwa hatua, Bunge likakaa kama kamati, Spika akashuka kuwa mwenyekiti, vifungu vikapitiwa kimoja kimoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ilikusanya ndoa za dini zote na za kimila chini ya paa moja, ilipita katika mikono hiyo. Taarifa Rasmi ya kila neno ikaendelea kuchapishwa. Nchi nyingi za bara hili hazikuwa na bahati hiyo. Mabunge yao yalifungwa na wanajeshi, yakafunguliwa, yakafungwa tena, na kila yalipofunguliwa ilibidi waanze na alifu. Letu halikufungwa hata mara moja.

Alifanya kazi na marais wawili, Nyerere na Mwinyi. Walipita mbele yake mawaziri wakuu sita: Kawawa, Sokoine, Msuya, Salim, Warioba, Malecela. Vikao vilihamia Dodoma wakati wake, na ni kutoka kwenye kikao cha Bunge cha Dodoma kwamba Edward Sokoine alikuwa anarejea Dar es Salaam alipofariki kwenye ajali ya barabarani karibu na Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984. Kiongozi wa shughuli za serikali Bungeni, umemwona ukumbini juzi, na leo hayupo. Mwaka uleule katiba ikafanyiwa marekebisho makubwa: haki za msingi za raia zikaingizwa, na urais ukawekewa ukomo wa vipindi viwili. Ukomo huo ndio tunaojivunia hadi sasa kila Rais anapokabidhi ofisi kwa amani.

Halafu ikaja mwaka 1992, na Bunge lilelile la chama kimoja likapitisha sheria ya vyama vingi. Spika alikuwa na miaka 72. Amekwisha kuongoza baraza katika mfumo wa kifalme chini ya Malkia wa Uingereza, katika Jamhuri, katika chama kimoja, na sasa mlango wa nne unafunguka.

Kwangu mimi, kipimo cha yote aliyoyatunza kilikuja Agosti 1993. Kundi la wabunge 55, wote wa CCM, chama kilichorithi nafasi ya TANU, likaleta hoja ya kutaka iundwe serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Hasira ilikuwa juu, Zanzibar ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu na kulazimika kujitoa, na wabunge wa bara walisema sasa inatosha. Sipo hapa kuwaambia kama hoja ile ilikuwa sahihi au la. Mwalimu aliipinga kwa nguvu zake zote na baadaye ikazimwa. Ninachotaka mkione ni namna ilivyofika. Haikuja kwa mapanga, haikuja kwa redio iliyotekwa alfajiri. Ilikuja kwa hoja binafsi, imeandikwa, imetolewa, imeafikiwa, imejadiliwa ukumbini na Bunge likatoa azimio. Jambo ambalo lingeweza kuivunja nchi lilipitia mlango wa kanuni, na wabunge walijua mlango huo uko wapi kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeutunza ukiwa wazi kwa miaka thelathini, hata ilipoonekana hakuna anayeupita.

Aprili 1994, miaka 30 baada ya kikao cha kuridhia Muungano, akakiacha kiti. Kikachukuliwa na Pius Msekwa, aliyekuwa Naibu Spika wake, na ambaye katika miaka ya mwanzo ya uhuru alikuwa Katibu wa Bunge. Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulifanyika mwaka uliofuata, kwa hiyo Adam Sapi hakupata kuongoza ukumbi wenye kambi ya upinzani iliyochaguliwa na wananchi katika uchaguzi mkuu. Ningependa sana kuona angefanyaje.

Alifariki tarehe 25 Juni 1999. Watu wengi wanaukumbuka mwaka ule kwa Oktoba, Mwalimu alipofia London na nchi nzima ikaanguka kilio. Nadhani msiba ule mkubwa ndio uliofunika huu mwingine, na tangu hapo hatukurudi kuuangalia.

Vijana, nina ombi moja kwenu. Fuvu la babu liko Kalenga na wageni wanakuja kutoka mbali kulitazama. Mjukuu hakuacha fuvu, ameacha Taarifa Rasmi za Bunge za karibu miaka thelathini, na maelfu ya maamuzi yake juu ya nani aseme na nani akae yamo humo. Hakuna aliyeyakusanya yakawa kitabu cha Kiswahili ambacho ningeweza kuwapa leo mkononi. Walio kwenye masomo ya historia na ya sheria, chukueni kazi hii. Na kabla hamjafika maktaba, anzeni na wazee walioketi hapa mbele, kwa sababu baadhi yao walimjua, walikula naye, walimsikia akizungumza Kihehe akiwa amevua joho la Spika. Pitieni kwao mchana huu, na mbebe daftari.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.